Shajara ya mradi: foleni ya malori, njia ya zimamoto na maji ya akiba katika kiwanda cha kuchambua pamba, Simiyu

Kazi: kupanga upya maegesho, kufungua njia ya dharura na kuweka mfumo wa maji ya kuzimia moto kabla msimu wa ununuzi haujafunguliwa. Eneo la kiwanda ni mita 180 kwa 110. Ndani yake kuna ghala la pamba mbegu (pamba ambayo haijatenganishwa na mbegu zake), jengo la mashine za kuchambulia, presi ya kufunga marobota, ghala la marobota, ghala la mbegu na chumba cha jenereta. Kituo cha zimamoto kilicho karibu kiko mwendo wa dakika 35 barabara ikiwa kavu, na 50 ikiwa na tope. Hesabu nyingi zilizomo humu zinaanzia kwenye muda huo.

Wiki ya 1

Vipimo vimechukuliwa kwa tepu uwanja ukiwa mtupu. Geti kuu lina upana wa mita 3.6. Juu yake kuna bango la chuma kwenye mita 3.9, na kona yake ya kushoto imekwisha kukunjwa na malori ya marobota. Mizani iko mita 20 kutoka getini, katikati kabisa ya njia pekee ya kuingilia, kwa hiyo lori likiwa mizanini hakuna gari jingine linalopita. Nyuma kuna geti la pili upande wa mbuga, lakini halijafunguliwa muda mrefu, na mbele yake pamerundikwa magunia mabovu na vyuma chakavu.

Nyaya mbili za umeme zinazokwenda ghala la mbegu zimelegea hadi mita 3.8. Gari la zimamoto lenye ngazi juu haliwezi kupita chini yake, na mtu aliyesimama juu ya lori la pamba anaweza kuzigusa kwa mkono.

Mchoro wa zamani wa kiwanda una "njia ya zimamoto" iliyopakwa rangi nyekundu. Mchoro huo ulichorwa na mtu aliyekuja Februari, uwanja hauna hata baiskeli.

Wiki ya 2

Hesabu imefanywa kutoka kwenye daftari la mizani la msimu uliopita. Siku yenye kazi nyingi iliingiza malori 31, karibu yote Fuso za tani 7 hadi 10, pamoja na matrekta 6 yenye tela. Sehemu za kushushia ni mbili, na lori moja huchukua kama dakika 50 kushushwa kwa mikono. Kwa saa 10 za kazi, sehemu mbili hushusha malori 24. Saba yaliyobaki hulala. Kesho yake yanakuja mengine, na siku ya tatu uwanja umejaa. Madereva wa AMCOS (vyama vya ushirika vya wakulima) za mbali hawarudi na mzigo. Wanalala chini ya lori, utingo anawasha jiko la mkaa, chai inachemka mita mbili kutoka kwenye pamba.

Kwa hiyo tatizo haliko kwenye idadi ya mitungi ya kuzimia moto. Foleni ya Fuso zilizojaa pamba mbegu, kichwa kwa mkia kutoka getini hadi ghalani, inafanya kazi kama utambi wa koroboi. Moto ukishika lori la mwisho unatembea wenyewe hadi ndani, na njia ya kuuzima imezibwa na vitu vilevile vinavyoungua.

Wiki ya 3: mpango wa maegesho

Uamuzi wa kwanza ni kwamba foleni haitakaa ndani. Kiwanja cha upande wa pili wa barabara kimekodiwa kwa miezi sita, na kinaingiza malori 22 kwa mpangilio huu: vikundi vya malori manne, mita 1.5 kati ya lori na lori ili mlango ufunguke, mita 6 kati ya kikundi na kikundi. Ndani ya kiwanda haingii lori bila namba. Ndani huruhusiwa malori matano tu kwa wakati mmoja: mawili yanashusha, moja liko mizanini, mawili yanasubiri pembeni.

Malori yote huegeshwa kinyumenyume, kichwa kikielekea njia ya kutokea. Ufunguo unabaki kwenye swichi, au dereva anauacha kwa mlinzi wa foleni na kupewa kibati chenye namba. Hili la ufunguo limepingwa zaidi ya yote, kwa sababu dereva haamini mtu na gari la tajiri. Makubaliano ni kwamba dereva anayetaka kukaa na ufunguo wake asitoke kiwanjani. Anayekwenda kula mjini anauacha.

Jiko limejengewa banda la bati kwenye kona ya kiwanja, mita 25 kutoka lori la karibu na upande ambao upepo wa mchana hautokei, pamoja na bomba la maji na pipa la mchanga. Kukataza kupika hakufai kitu kama watu wanalala hapo siku mbili. Watapika tu, ila watapikia mahali pa kujificha.

Matrekta hayaingii bila kizuia cheche kwenye ekzosi. Fuso nyingi ekzosi yake iko chini ya bodi, na pamba iliyomwagika inaburuzwa nayo. Hivyo njia ya kwenda kushushia inafagiliwa kila lori linapotoka, si mara moja jioni kama zamani.

Magari madogo ya wafanyakazi na pikipiki yamehamishiwa mbele ya ofisi. Hakuna zaidi la kusema hapo.

Wiki ya 4

Upana wa njia ya dharura umejadiliwa. Mwongozo wa Uingereza unakubali mita 3.7 kwa gari la kawaida la zimamoto, ule wa Marekani wa NFPA (shirika la viwango vya kinga ya moto) unataka futi 20, yaani mita 6.1. Mita 3.7 inatosha gari kupita, lakini haitoshi kufanya kazi: milango ya makabati ya pembeni inafunguka, mipira inatandazwa, na boza la kuongeza maji linahitaji kupita lile lililosimama. Tumechukua mita 6, na nafasi ya juu mita 4.5 bila tawi, waya wala bango.

Njia itazunguka majengo yote ili kusiwe na mahali pa kurudi nyuma. Sehemu moja tu ina mwisho, tawi la mita 38 kwenda kwenye bwawa. Kwa Wamarekani urefu huo hauhitaji kigeuzio, yaani mahali pa kugeuzia gari, maana mpaka wao ni mita 46. Waingereza hawataki gari la zimamoto lirudi nyuma zaidi ya mita 20. Ukifikiria dereva anarudi nyuma usiku ndani ya moshi, Waingereza wana hoja. Kigeuzio chenye umbo la T kimewekwa.

Wiki ya 5 na ya 6: mbuga

Nusu ya mzunguko ina moramu (changarawe ya barabara) ya zamani iliyoshikamana vizuri. Mita 165 za upande wa kaskazini ziko juu ya udongo mweusi wa mbuga. Udongo huu ukikauka unapasuka mpaka mguu unaingia, ukiloa unavimba na kuteleza kama sabuni. Boza la lita 10,000 likijaa lina uzito wa tani 18 hivi. Jaribio la siku ya mvua liliishia mita 12 ndani ya njia, na trekta mbili zilihitajika kulivuta.

Kilichofanyika: udongo mweusi umechimbwa kina cha sentimita 60 na kutolewa, chini kimetandikwa kitambaa cha kutenganisha udongo, kisha moramu imejazwa kwa tabaka tatu za sentimita 20. Kila tabaka limemwagiwa maji na kushindiliwa kwa roli. Hesabu ni mita 165 kwa 6 kwa 0.6, sawa na mita za ujazo 594 zilizoshindiliwa. Moramu ikiwa kwenye tipa imechambuka, kwa hiyo imezidishwa kwa 1.3, ikawa 772, yaani tipa 52 za mita za ujazo 15. Mkandarasi alitaka kujaza sentimita 60 zote kwa mpigo na kushindilia juu. Roli haifiki chini namna hiyo. Juu panakuwa pagumu, chini pamelegea, na gurudumu la nyuma linazama kwenye mvua ya kwanza.

Mteremko wa asilimia 4 umewekwa kila upande na mitaro miwili imechimbwa. Kalavati la zamani lenye bomba jembamba la zege limeng'olewa. Mfuniko wa shimo la maji machafu uliokuwa katikati ya njia umebadilishwa kwa wa chuma cha kusubu wa kubeba magari, maana ule wa zege ulikuwa wa watembea kwa miguu. Mvua imesimamisha kazi siku tisa.

Wiki ya 7: maji

Zimamoto wakipigiwa 114 dakika ya kwanza, hawafiki kabla ya dakika 35. Kiwanda kinapaswa kujitegemea saa nzima. Mikondo miwili ya lita 500 kwa dakika kila mmoja kwa dakika 60 ni lita 60,000. Matenki sita ya lita 10,000 yamepangwa kwenye jukwaa la zege na kuunganishwa kwa bomba moja la inchi 4. Matumizi ya kawaida (vyoo, jikoni, kunyunyizia uwanja) yanatoka kwenye tenki la saba lililo peke yake. Mpango wa kwanza ulikuwa kuchota kwenye matenki yaleyale kwa "kuangalia geji". Katika kiwanda chenye vumbi namna hii hakuna anayeangalia geji.

Bomba kuu lina urefu wa mita 180 hadi haidranti (kichwa cha bomba cha kuunganishia mpira wa zimamoto) ya mwisho. Fundi alileta nukuu ya bomba la inchi 3 kwa sababu ni rahisi. Kwa lita 1,000 kwa dakika, inchi 3 ya mabati inapoteza presha ya kama mita 17 (presha hapa inapimwa kwa kimo cha maji) kwa kila mita 100, karibu mita 30 kwa safari nzima. Inchi 4 inapoteza kama mita 10 tu. Tumenunua bomba jeusi la plastiki la milimita 110 la PN16 (la kuhimili presha ya baa 16) na kulifukia sentimita 80. Namba 110 ni ya nje, ndani ni milimita 90 tu, lakini ulaini wake unafidia na hasara inabaki kama mita 11. Popote linapotoka juu ya ardhi limegeuzwa kuwa la chuma, kwani plastiki iliyo wazi huondoka na moto wa kwanza.

Pampu: nozo inataka mita 35, mipira miwili ya mita 30 ya milimita 65 inakula mita 6, bomba 11, mwinuko 3. Jumla mita 55. Imechaguliwa ya lita 1,000 kwa dakika kwa mita 60.

Haidranti ni nne, kila moja mita 6 au zaidi kutoka ukutani ili mtu aweze kuisimamia jengo likiwaka. Duka lilileta vichwa vya kuzungusha kwa nyuzi. Kabla ya kulipia, fundi alikwenda na kichwa kimoja kituo cha zimamoto: mipira yao ni ya kubofya, milimita 65. Vichwa vimerudishwa. Kosa hili hugunduliwa mara nyingi siku ya moto wenyewe, watu wameshika mpira mkono mmoja na bomba mkono wa pili na haviungani.

Bwawa ni akiba ya pili. Kiangazi maji yanashuka mita 4 chini ya usawa wa njia. Ukanda huu uko juu ya mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, na hewa hapa haiwezi kuinua maji mita 10.3 kama Tanga au Dar es Salaam. Ni kama mita 9 kwa nadharia. Ukitoa hasara za mpira na chujio, usitegemee kunyonya zaidi ya mita 5 au 6. Kwa hiyo sehemu ya kusimama gari imeshushwa karibu na maji, na mdomo wa kunyonyea umewekwa nusu mita chini ya uso wa maji. Ukiwa juu ya hapo maji yanazunguka kama kimbunga mdomoni, unavuta hewa na pampu inapoteza maji.

Wiki ya 8

Pampu ya umeme ilikuwa imeunganishwa nyuma ya swichi kuu ya kiwanda. Jambo la kwanza zimamoto wanalofanya wakifika ni kukata umeme, na hapo pampu ingekufa pamoja na mashine. Sasa laini yake inatoka kabla ya swichi kuu, ina swichi yake yenye kibao chekundu "USIZIME – PAMPU YA MOTO". Imeongezwa pia pampu ya dizeli ya uwezo uleule, kwa sababu umeme hukatika bila kuuliza. Inawashwa kila Jumatatu dakika 10. Betri yake ina chaja, na dizeli ya saa 4 inakaa ndani ya tenki lake lenyewe, si dumu la kuazima.

Nyaya zilizolegea zimepandishwa hadi mita 6 na fundi mwenye leseni.

Wiki ya 9: moto wa pamba wenyewe

Hapa ndipo vifaa vya dukani vinapodanganya. Pamba ghafi ina nta ya asili kwenye uzi, na maji matupu yanateleza juu yake. Mapipa 12 ya lita 200 yamewekwa, kila moja na ndoo mbili na lita 2 za sabuni ya maji iliyokorogwa ndani. Sabuni inavunja ule utelezi na maji yanazama. Mapipa yana mifuniko, vinginevyo mbu na manyoya ya pamba hujaa.

Mitungi: maji yenye kiungo cha kulowesha ya lita 9, kumi, gesi ya kaboni dayoksaidi ya kilo 5, minne, kwa ajili ya paneli za umeme tu, poda ya kilo 9, minne, kwa jenereta, dizeli na kiwanja cha malori. Mtungi wa gesi usielekezwe kwenye pamba iliyolegea. Mpulizo wake unairusha pamba inayowaka kama mvukuto wa mhunzi na kuanzisha moto mahali pengine patatu. Poda nayo inalaza mwali, kaa linabaki ndani likiendelea. Hakuna mahali ndani ya jengo ambapo mtu atatembea zaidi ya mita 23 kufikia mtungi.

Vyanzo vilivyokutwa kwenye ukaguzi wa mashine: beringi tatu kavu, mkanda mmoja unaoteleza na kunuka, manyoya ya unene wa vidole viwili juu ya mota, na ndoo nzima ya mawe, misumari na njiti za kiberiti kutoka kwenye ungo wa kupokelea pamba. Sumaku imewekwa kwenye mlango wa kulishia. Mota zinapulizwa kwa hewa kila zamu, mashine zikiwa zimezimwa na kupoa.

Cheche ikionekana kwenye mashine: simamisha kulisha, simamisha feni, simamisha presi, ndipo ushike ndoo. Watu hukimbilia ndoo kwanza, huku feni inapeleka kaa hadi kwenye presi na linafungiwa ndani ya robota.

Robota lililofungiwa kaa halitoi moshi. Linaweza kula kimyakimya kwa siku kadhaa kisha likafunguka usiku ghalani. Baada ya cheche yoyote, marobota 10 yaliyotangulia na 10 yaliyofuata yanapakwa msalaba wa rangi na kupelekwa karantini, uwanja wa wazi mita 30 kutoka majengo, mita 2 kati ya robota na robota, siku 5. Mlinzi anayapima kwa mkono na kwa fimbo ya chuma iliyochomekwa katikati. Fimbo ikitoka na joto, robota linamwagiwa maji ya sabuni. Mikanda yake haikatwi likiwa karibu na kitu chochote: ukikata, hewa inaingia na mwali unaruka.

Ghalani, marobota yamesogezwa sentimita 60 kutoka ukutani. Yakiloa huvimba, na kuta za matofali zimewahi kusukumwa nje kwa uvimbe huo tu. Msimamizi wa ghala amelalamika kupoteza nafasi ya marobota 140. Ni kweli amepoteza.

Wiki ya 10

Geti kuu limepanuliwa hadi mita 6 na bango limehamishiwa ukutani. Njia ya kupita kando ya mizani, mita 4.5, imefunguliwa kwa kuvunja kibanda cha zamani cha mlinzi. Geti la nyuma limesafishwa, sasa linafunguka kwa nje, na limefungwa kwa mnyororo mwembamba wa milimita 6 ambao mkasi wa chuma unaukata. Ufunguo wa ziada uko kwenye kisanduku cha kioo kwenye kibanda cha mlinzi.

Rangi haishiki juu ya moramu. Mawe yaliyopakwa chokaa yalihamishwa ndani ya siku tatu. Mawili yalikutwa yamekinga magurudumu ya lori. Kingo za njia sasa ni vipande vya mabomba mabovu vilivyosimikwa kwa zege kila mita 5, kimo cha sentimita 70, vichwa vyekundu.

Wiki ya 11: zoezi

Malori 12 yameazimwa na uwanja umejazwa kama siku ya msimu, dereva mmoja kati ya watatu akiwa ameambiwa aondoke. Boza la lita 10,000 limetumika badala ya gari la zimamoto. Kutoka geti kuu hadi maji kutoka kwenye haidranti ya 3: dakika 6 na sekunde 40. Sababu: lori moja lilikuwa limesimama juu ya mstari wa njia ya kando ya mizani "kidogo tu", ufunguo wa haidranti ulikuwa stoo, kona ya kaskazini-mashariki tairi la nyuma la boza lilikata ndani na kushuka mtaroni.

Marekebisho: nguzo nne zimeongezwa mizanini, kila haidranti ina ufunguo wake kwenye kisanduku pamoja na mipira miwili na nozo, kona imepanuliwa na mtaro umefunikwa kwa bomba. Mara ya pili, siku mbili baadaye: dakika 2 na sekunde 10.

Ofisa wa zimamoto wa wilaya alihudhuria zoezi la pili, akapita njia yote kwa miguu na kupewa mchoro wa karatasi moja: mageti, haidranti, bwawa, swichi kuu, dizeli. Nakala iko pia getini, ndani ya plastiki.

Wiki ya 12

Yaliyobaki: taa ya sola kwenye geti la nyuma haijafika, king'ora hakisikiki kwenye presi ikiwa inafanya kazi, kwa hiyo taa ya kumulika imeagizwa. Eneo la kukusanyikia limehamishwa kutoka chini ya mwembe kwa sababu hapo ni upande ambao moshi wa ghala la marobota huelekea mchana. Mabadiliko ya zamu ya mlinzi wa foleni yanaacha pengo la saa 12 hadi saa 1 jioni, saa ambayo majiko huwashwa. Mlinzi wa pili anatafutwa kabla lori la kwanza halijafika.